Matanga ya Mashine

Siku ya pili ya kusimama mbele ya masanduku ya posta, Amolo aliletewa debe la kukalia na mlinzi, kwa sababu hata mlinzi ana mama. Akalikalia. Macho hakuyaondoa kwenye sanduku moja, mstari wa tatu kutoka chini, lenye nambari aliyoikariri kuliko nambari ya kitambulisho chake. Nambari hiyo ilikuwa kwenye kipande cha gazeti alichokifunga kwenye pindo la leso, pamoja na picha ya mashine ya kufuma masweta, na maneno haya: Lipa leo, upokee baada ya siku ishirini na nane.

Siku ishirini na nane zilikuwa zimepita mara nne.

Amolo alifuma masweta Gatwekera, ndani ya Kibera, kwa mkono, sindano mbili na mpira wa uzi mapajani. Sweta moja lilimla siku nne. Mwalimu mkuu wa shule moja ya kulipia kule Kambi Muru alikuwa amemwambia, mwaka huo wa tisini na sita, kwamba angempa kazi ya masweta sitini ya kufungulia shule Januari, mradi tu awe na mashine. Masweta sitini! Kwa mkono angeyamaliza watoto wakiwa wameshaota ndevu. Ndiyo maana zamu yake ya kuchangiwa na chama ilipofika mwezi wa nane, na akina mama wenzake wakamkabidhi shilingi elfu nane na mia tano, hakununua godoro wala hakupeleka kitu nyumbani. Alikwenda posta, akanunua mani oda, akaituma kwa hao watu wa gazetini waliojiita Nyumba Kamili. Kisha akangoja. Subira huvuta heri, walimwambia. Septemba ikavuta Oktoba, Oktoba ikavuta Novemba, na heri yenyewe haikuonekana hata kwa mbali.

Barua aliandika tatu. Hakuna iliyojibiwa. Kwenye tangazo hapakuwa na jina la mtaa wala la jengo, ila hiyo nambari ya sanduku tu. Watu wengine wangeishia hapo, wakasema yamepita. Amolo alijiambia kuwa sanduku haliwezi kujifungua lenyewe. Lazima kuna mkono.

Mkono ulikuja siku hiyo ya pili, saa tano na nusu. Ulikuwa wa mwanamume wa makamo, mnene kiasi, suti ya kijivu, kiatu kinang'aa. Alimjulia hali mlinzi, akamuuliza na habari za watoto. Hilo lilimuudhi Amolo kuliko yote. Miezi minne alikuwa amemchora mwizi wake kichwani akiwa na macho mekundu na kovu shavuni, na sasa analetewa mtu wa kukaa naye benchi moja kanisani! Mtu huyo alitoa bahasha kama kumi, akazitia kwapani, akaondoka. Amolo alimfuata. Gari alilopanda akalipanda, aliposhuka Kawangware naye akashuka, alipoingia dukani naye akaingia, na mlango ulikuwa bado unabembea.

Lilikuwa duka la vyombo vya nyumbani: thamosi, sufuria, blanketi, jiko la mafuta. Msichana aliyesimama kwenye kaunta, Daisy jina lake, alikuwa anapaka kucha rangi.

"Sasa mathe, tukusaidie na nini?" akauliza Daisy.

"Nataka mashine yangu."

Mwenye suti aligeuka. Jeconia ndilo jina lake, na duka lilikuwa lake. Amolo alipomwekea kipande cha gazeti mezani na risiti ya mani oda juu yake, Jeconia hakushtuka hata kidogo. Alifungua daftari kubwa, akalamba kidole, akageuza kurasa.

"Hii hapa. Amolo, Gatwekera. Mzigo yako ilitumwa tarehe kumi mwezi wa tisa. Imewekwa sahihi."

"Sahihi ya nani?"

"Ya mwenye alituma."

"Na mwenye alipokea?"

"Hiyo sasa uliza posta yako, mama. Kwangu ilitoka."

"Haikufika. Nirudishie pesa yangu."

Jeconia alitabasamu, akageuza kipande cha gazeti, akamwonyesha kwa kalamu. Pale chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, paliandikwa kuwa bidhaa ikishatumwa pesa hairudishwi. "Soma hapo," akasema. "Ni ya kila mtu. Si wewe peke yako."

Amolo alirudi Kibera kwa miguu ili hasira ipungue njiani. Haikupungua. Watu wa Gatwekera hawana masanduku ya posta. Barua zao huja kwa sanduku la kanisa, la shule au la tajiri fulani. Za Amolo zilikuja kwa sanduku la kanisa lao, na ufunguo wake ulishikwa na katibu wa kanisa, Maurice, mtu mwenye ugonjwa wa kuandika. Kila bahasha iliyoingia, kila karatasi ya kuitia mzigo, aliiandika kwenye daftari na tarehe yake. Alimpekulia Amolo kuanzia Agosti hadi siku ile. Mzigo haukuwepo. Amolo akaliazima daftari, akarudi Kawangware nalo.

"Hii ni ya kanisa," Jeconia akasema, akilisukuma kwa kidole kimoja. "Mimi nitajuaje hamkuandika jana usiku?"

Kituoni askari wa zamu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia hiyo ni kesi ya madai, atafute wakili. Wakili! Mtu aliyeibiwa ng'ombe aambiwe auze ng'ombe mwingine amtafute wa kwanza. Alirudi dukani mara ya tatu, na safari hii Jeconia hakumkaribisha.

"Wewe mama umezoea hii duka. Ukirudi tena utatolewa na askari."

Mambo yangeishia hapo kama si mama Kyalo wa mtaa jirani wa Nyayo Highrise. Mama huyu alikuwa na mashine ya kufuma, kuukuu lakini nzima, na mumewe alikuwa amehamishwa kazi kwenda Machakos. Jumatano alimtumia Amolo ujumbe: anaiuza elfu nane. Lori la kuwahamisha linakuja Jumamosi saa nane mchana. Ikipita saa hiyo, mashine inapanda lori.

Basi ilikuwa hivyo. Elfu nane kabla ya Jumamosi saa nane, au Januari imekwenda na masweta yake sitini, na chama hakizunguki kurudi kwake mpaka mwaka mzima upite. Amolo hakuwa na mahali pengine pa kuzitoa. Pesa zake zilikuwa Kawangware, ndani ya suti ya kijivu.

"Nitaenda kulia," alimwambia Nanyama, jirani yake muuza mboga, wakiwa wameketi mlangoni Alhamisi jioni.

"Utamlilia nani? Yule hana huruma."

"Simlilii yeye. Nitalia matanga. Pale mlangoni kwake."

Nanyama aliacha kukata sukumawiki. Gatwekera nzima ilijua kilio cha Amolo. Kukitokea msiba, kabla ya kutafutwa mchungaji alitafutwa yeye, kwa sababu alijua kumwita marehemu kwa sifa zake moja moja mpaka hata waliomdai wanatokwa machozi. Lakini kulia pasipo maiti lilikuwa jambo jingine.

"Amolo, hiyo ni mwiko hata kwetu Bungoma. Ukilia bila maiti unaita kifo."

"Kwetu pia ni mwiko. Na yeye ni wa kwetu, anajua. Unafikiri siogopi? Naogopa. Lakini Nanyama, huyo mtu amechukua mwaka wangu mzima akaniambia nisome herufi. Mimi sitanyamaza ati kwa sababu naogopa."

Nanyama aliweka kisu chini. "Niite na wale wengine wa chama?"

"Waite."

Jumamosi saa mbili asubuhi, wanawake sita walifika mbele ya duka la Jeconia, leso zimefungwa viunoni, vichwa vimefungwa vitambaa. Waliketi chini kando ya mlango, miguu wameinyoosha, kama wanavyoketi wafiwa. Mbele yao waliweka stuli, juu ya stuli kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa wakasimamisha ile picha ya mashine, ndani ya fremu ambamo Amolo alikuwa amemtoa marehemu mumewe kwa muda, akimwomba radhi. Kando ya picha, sahani ya mchango. Kisha Amolo akaweka mikono kichwani, akapiga nduru.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliacha kichwa cha mteja nusu. Muuza nyama akatoka na kisu mkononi.

"Uuuwi! Umekwenda ukiwa mpya! Hata mafuta hukuwahi kutiwa! Nilikulipia mwezi wa nane, nikakufagilia mahali pa kukaa! Uuuwi, nani amekuficha?"

Na wale watano wakaitikia, na Nanyama, ambaye alikuja akiwa na wasiwasi, aligundua kwamba ana machozi kwelikweli. Kila mmoja wao ana kitu alicholipia na hakikufika.

Jeconia alitoka mbio. Aliiona picha. Aliona sahani, na ndani yake tayari kuna shilingi tano ya mpita njia. Uso ukamgeuka rangi.

"Amka! Amkeni hapa! Huu ni mkutano bila leseni, mnajua? Naita polisi sasa hivi!"

Amolo akakatiza kilio, akamtazama kwa utulivu. "Matanga haiombewi leseni," akasema, akaendelea alipoachia.

Hapo alimpata. Miaka ile mkutano wowote ulitaka kibali cha serikali, na hata harusi ikizidi watu mtu aliangalia kushoto na kulia, lakini msiba uliachwa. Askari wawili wa doria walipita kweli, wakasikia kilio, wakavua kofia, wakaenda zao. Wateja nao walikuwa vilevile. Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, watu wamelipwa, wanataka blanketi na sufuria za kupelekea mama nyumbani Krismasi. Walifika mpaka mlangoni, wakaona waombolezaji, wakasema pole, wakageuka. Nani atamruka mfiwa akanunue thamosi?

Aliyeuliza aliambiwa ukweli. Amolo hakumdanganya mtu: "Ni mashine yangu, nilimlipa huyu, haikufika." Lakini wengi hawakuuliza. Waliona kwa mbali, wakabeba walichoona. Kufika saa nne, habari ilikuwa imeshavuka soko: kuna matanga kwa Jeconia. Kufika saa tano, ilikuwa na miguu na mikono: Jeconia amefariki, ameanguka bafuni, mke yuko shamba hajaambiwa.

Saa tano na nusu wakaja wanaume watatu kwa haraka, kofia wamezishikilia kifuani. Wa mbele alikuwa Opondo, fundi wa magari, ovaroli bado ina grisi. Yeye ndiye mwenyekiti wa chama cha mazishi cha watu wa ukoo wa Jeconia waishio Nairobi. Mmoja wao akifa, chama hukusanya, hukodi gari, humpeleka mtu nyumbani akalale na babu zake. Kwapani alikuwa na kitabu cheusi cha michango. Alipita kwa wale wanawake akiwa ameinamisha kichwa, akasema pole mama zangu, poleni sana, akaingia dukani, na aliyekutana naye mlangoni alikuwa Jeconia.

Opondo alirudi nyuma hatua mbili akaikanyaga sahani.

"Wewe," akasema. "Wewe si umekufa?"

"Nani amekufa? Mimi niko hapa!"

"Nimefunga kazi! Tumekusanya elfu moja na mia tatu! Mwenzetu Nashon ameenda kuuliza bei ya gari ya kukubeba mpaka Siaya!" Opondo alikuwa anakipiga kile kitabu cheusi kwa kiganja, na hakujua yeye mwenyewe kama ni kwa furaha au kwa hasira. Kisha akaiona picha kwenye stuli. Akainama, akaitazama vizuri. Akachuchumaa mbele ya Amolo, akamwuliza kwa lugha yao nani hasa anayeliliwa.

Amolo akamweleza. Hakuongeza chumvi. Mani oda, barua tatu, siku mbili za posta, daftari la Maurice, herufi za sisimizi. Akamtolea risiti. Watu walikuwa wameshajaa barabara, wametega masikio.

"Ilitumwa," Jeconia akasema. "Iko kwa kitabu. Sahihi iko."

"Lete karatasi ya posta," Opondo akasema. "Ukituma mzigo, posta inakupa karatasi. Lete hiyo moja tu, na mimi mwenyewe nitawatoa hawa mama."

Jeconia alipekua daftari lake. Akasema karatasi zimepotea wakati wa kuhamisha ofisi, na njia ya mwongo ni fupi, kwa sababu Daisy, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alicheka kabla hajajizuia.

Opondo aliinuka. Hakupaza sauti. Alifungua kitabu cheusi, akageuza mpaka ukurasa mmoja, akauweka mbele ya macho ya Jeconia.

"Hili ni jina lako. Umelipa miaka tisa ili siku yako ikifika usizikwe na kanjo wa jiji kule makaburi ya Lang'ata, kama mtu asiye na kwao. Leo umeliliwa ukiwa hai, kwa mlango wako, juu ya mali ya mjane. Siku ukifa kweli nikiita watu, watasema ni ile ya mashine tena. Nani atatoka? Mlipe huyu mama sasa hivi. Ama nipige mstari hapa, na mimi na wewe tusijuane."

Akachomoa kalamu mfukoni mwa ovaroli, akaifungua kwa meno.

Jeconia alitazama ile kalamu. Alikuwa amezikabili barua, daftari la kanisa na mama wa watu asipepese jicho. Lakini kulala peke yake kwenye udongo usiomjua, hilo lilimshinda. Alikwenda kwenye droo. Alihesabu noti mara mbili, akazileta hadi pale chini Amolo alipoketi, na ilimbidi achuchumae kumpa.

"Elfu nane na mia tano. Haya. Chukua picha yako uende."

Amolo alizihesabu mbele ya watu wote. Zilikuwa zimetimia. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alihisi analia kilio chake mwenyewe, cha furaha, kisicho na sauti. Saa ya kinyozi ilionyesha saa sita na dakika kumi. Alimpa Nanyama elfu nane, akazifunga mwenyewe kwenye leso ya Nanyama mafundo mawili.

"Kimbia Highrise. Mwambie mama Kyalo mashine isipande lori."

"Na wewe je?"

Kabla Amolo hajasema, mtu akapenya kwenye umati. Ni yule kinyozi wa ng'ambo, na mkononi ana kipande cha gazeti kilichokunjika mpaka kimechanika. "Mimi ilikuwa baiskeli," akasema, kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyeiba. "Machi. Mlango wake unaangaliana na wangu, na sikujua ni yeye." Nyuma yake mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akanyoosha mkono. Jiko la mafuta.

Jeconia akaanza kupaza sauti tena. "Nimekulipa! Si umelipwa? Amka basi!"

Hapo Daisy akatoka nje. Kucha zake zilikuwa zimepakwa mkono mmoja tu. Alikuwa amebeba katoni ya sabuni, nzito, na akaiweka chini kando ya Amolo bila kumtazama bosi wake.

"Zimekuwa zikikaa chini ya kaunta," akasema. "Hajawahi hata kunituma posta. Wacha nifutwe tu."

Ndani ya katoni kulikuwa na kuponi, vile vipande vya tangazo vya kuagizia bidhaa, mamia, za kutoka kila upande: Kitale, Voi, Homa Bay, Mwingi, kila moja na jina lake na kitu chake, kwa mwandiko wa mtu aliyekazana asikosee.

"Amolo," Opondo akasema kwa upole, "wewe umepata yako. Nyanyuka, mama. Msiba umeisha."

"Wangu umeisha," Amolo akasema.

Alivua viatu, akavipanga kando. Akatoa kuponi ya juu kabisa, akaisogeza mbali kidogo na macho ili aione vizuri. Ilikuwa ya mtu aitwaye Musimbi, wa Vihiga, cherehani moja ya mkono. Amolo hakumjua Musimbi. Akaweka mikono kichwani, akavuta pumzi, akaliita jina hilo kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa barabara.